Adui wa Kompyuta Nyeri Si Baridi, ni Umande

Ifikapo Julai, Mlima Kenya hutoweka machoni pa watu wanaoishi chini yake. Wingu zito hutanda kutoka Karatina hadi Mweiga, manyunyu huanza alfajiri, na jua huweza kukosa kuonekana kutwa nzima. Wakikuyu huuita msimu huu gathano. Karibu kila mwaka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huwatahadharisha wakazi wa nyanda za juu kwamba usiku joto huenda likashuka chini ya nyuzi 10, na kwamba hata mchana baadhi ya maeneo hayatafika nyuzi 20. Makoti mazito hutolewa kabatini, wazee huota moto, na wenye maduka hufungua mlango nusu.

Kompyuta nazo huupitia msimu huohuo. Zimo katika saiba za Nyeri mjini, kwa wahariri wa video za harusi Nanyuki, katika ofisi za wachoraji wa ramani za majengo Kerugoya, na vyumbani mwa vijana wanaocheza michezo ya kompyuta Embu na Chuka. Baadhi ya mashine hizo, hasa zile zenye kadi kubwa za michoro, hupozwa kwa maji badala ya feni pekee. Mwenye mashine ya aina hiyo hujikuta kati ya mawazo mawili. La kwanza ni kwamba baridi ya mlima ni baraka ya bure, kwa hiyo kadiri mashine inavyopoa ndivyo inavyofanya kazi vizuri. La pili ni hofu kwamba maji yataganda usiku, mipira ipasuke, na mali iharibike.

Mawazo yote mawili yana ukweli kidogo, lakini yote mawili yanalipita jambo lenyewe. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, baridi haifiki kiwango cha kuiua kompyuta. Kinachoiua ni maji yaliyomo hewani, yale yasiyoonekana mpaka yatue juu ya chuma baridi. Atakayeelewa jinsi umande unavyotunga ndani ya nyumba ataitunza mashine yake kwa miaka mingi, na atakayeishughulikia baridi peke yake atashangaa mbona mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imeota kutu ilhali mvua haikuinyeshea.

Maji yanavyobeba joto

Prosesa ya kompyuta ni kipande kidogo kuliko kiganja cha mtoto, lakini ile yenye nguvu hutoa joto la wati 200 na zaidi inapofanya kazi nzito. Kadi ya michoro aina ya RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, imewekewa kiwango cha wati 450. Joto hilo lisipoondolewa, mashine hujipunguzia kasi yenyewe inapokaribia nyuzi 95 au 100, na likizidi hapo hujizima.

Hewa inaweza kuliondoa, lakini ni mbebaji dhaifu. Ukichukua lita moja ya maji na lita moja ya hewa, maji yatabeba joto takriban mara 3,500 kuliko hewa kwa badiliko lilelile la nyuzi. Ndiyo sababu waundaji wa kompyuta kubwa walianza kutumia maji mapema, tangu miaka ya 1960, wakati kampuni ya IBM ilipokuwa ikitengeneza mashine zilizojaza chumba kizima.

Mtambo wa leo wa mezani unafanya kazi kama rejeta ya matatu inayopanda mlima kutoka Sagana kwenda Karatina. Kibati cha shaba hukalishwa juu ya prosesa, katikati yao kukiwa na pesti inayopitisha joto. Pampu husukuma maji yapite ndani ya kibati hicho, yachukue joto, kisha yatembee kwenye mipira hadi kwenye rejeta yenye mapezi membamba. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi hayo, maji yanapoa, na safari inaanza upya. Katika mtambo uliopangwa vizuri, maji hayo huwa na joto la nyuzi kati ya 30 na 45.

Hapo pana kanuni moja muhimu. Rejeta iliyo ndani ya chumba haiwezi kuyapoza maji yakawa baridi kuliko hewa ya chumba hicho. Kama chumba kina nyuzi 16, maji hayatashuka chini ya nyuzi 16 hata feni zikiwa kumi. Kwa hiyo mashine iliyowashwa, yenye rejeta yake ndani ya chumba, siku zote huwa na joto kuliko hewa inayoizunguka, na juu ya kitu chenye joto kuliko hewa umande hauwezi kutunga. Hatari huanza kanuni hiyo inapovunjwa, ama kwa makusudi, ama kwa stima kupotea.

Umande unaotunga ndani ya nyumba

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Hewa ya chumba ikigusa kitu kilichopoa vya kutosha, hushindwa kuubeba mvuke wake na kuuacha pale kama matone. Joto ambalo tukio hilo huanzia huitwa kiwango cha umande. Kila mkazi wa Nyeri ameliona jambo hili kwenye kioo cha gari asubuhi na kwenye dirisha la jikoni jioni. Aliyelala chini ya mabati yasiyo na dari analijua zaidi, kwa sababu kabla ya mapambazuko matone hutunga upande wa ndani wa bati na kumdondokea kitandani.

Hesabu yake inashangaza. Chukua chumba cha Nyeri mwezi wa Julai chenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 75, hali ambayo si ya ajabu kabisa msimu huo. Kiwango cha umande humo ni takriban nyuzi 13 na nusu. Kitu chochote kilichopoa chini ya hapo kitaloa. Sasa chukua nyumba ya Minneapolis, Marekani, mji ambao Waafrika Mashariki wengi wamehamia, katikati ya majira ya baridi kali. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndani hita imepandisha joto hadi nyuzi 21, lakini hewa ni kavu, unyevu ukiwa asilimia 30 hivi. Kiwango cha umande humo ni karibu nyuzi 3 tu.

Maana yake ni kwamba kijana wa Minneapolis anaweza kuyapoza maji ya kompyuta yake hadi nyuzi 8 na asione hata tone moja. Ndugu yake wa Nyeri akifanya vivyo hivyo, mipira itaanza kutoa jasho, matone yatateremka hadi kwenye mazabodi, na mashine itaungua. Nchi za theluji zina baridi kubwa kuliko ya Nyeri, lakini nyumba zake ni kavu. Nyeri ina baridi ndogo na hewa iliyojaa maji.

Ndiyo maana ushauri mwingi unaotoka Kanada, Urusi au Finlandi haumfai mkazi wa Karatina bila kuchujwa. Huko wapenzi wa kompyuta hutoboa ukuta na kuitundika rejeta nje, barafu ikafanya kazi ya feni. Katika mji wa Mlima Kenya, rejeta iliyotundikwa nje usiku wa nyuzi 9 inaweza kuleta ndani maji yaliyo baridi kuliko kiwango cha umande cha chumba chenye watu. Mwenye kutaka kufanya hivyo kwa lazima apunguze mwendo wa maji au azime feni ya nje pale joto la maji linapokaribia lile la chumba. Maji yasiwe baridi kuliko chumba.

Lakini wengi hawatatundika chochote nje. Umande huwafikia kwa njia ya kawaida zaidi. Stima hupotea saa mbili usiku, na kompyuta iliyokuwa na joto hupoa pamoja na nyumba ya mbao na mabati hadi nyuzi 11. Asubuhi familia inaamka, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, chai inachemka, watu watano wanapumua, na jiko la gesi linawaka. Hewa hupata joto upesi, lakini chuma cha kompyuta huchukua muda mrefu. Kwa saa moja au mbili kompyuta ndiyo kitu baridi kuliko vyote chumbani, na mvuke wote unatafuta pa kutua. Stima inarudi, mtu anabonyeza kitufe.

Gesi yenyewe huchangia kuliko watu wanavyodhani. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji katika umbo la mvuke. Mtungi wa kilo 6, ule unaobebwa kwa bodaboda kila mtaa, ukiisha wote huwa umemwaga hewani zaidi ya lita 9 za maji. Jiko la mafuta ya taa nalo hutoa mvuke mwingi. Makaa hutoa mvuke kidogo, lakini hutoa majivu yanayoziba mapezi ya rejeta, na hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo imewaua watu wengi waliolala na jiko chumbani. Hakuna mtu anayepaswa kupasha chumba cha kompyuta kwa jiko la makaa, na sababu ya kwanza ni uhai wake mwenyewe.

Hewa nyepesi ya mlimani

Nyeri iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki inapita mita 1,900. Katika kimo hicho shinikizo la hewa ni takriban nne ya tano ya lile la Mombasa. Wapishi wanalijua hilo bila kipimo, kwa kuwa maji ya Nyeri huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na githeri huchukua muda mrefu kuiva.

Feni ya kompyuta haijui kwamba imepandishwa mlima. Inazunguka kasi ileile, lakini kila mzunguko unasukuma hewa pungufu, na hewa pungufu hubeba joto pungufu. Wahandisi wa vituo vya data wana kanuni yao: kwa mashine nyingi za kawaida, kutoka mita 900 kwenda juu, kila mita 300 hupunguza nyuzi 1 katika joto la juu la chumba ambalo mashine inaruhusiwa kufanyia kazi. Kwa Nyeri hizo ni nyuzi 3 hivi.

Je, baridi haifidii? Inafidia, na ziada hubaki. Chumba cha Mombasa chenye nyuzi 30 na cha Nyeri chenye nyuzi 18 vinatofautiana kwa nyuzi 12, na hewa nyepesi hula sehemu tu ya faida hiyo. Kwa hiyo kompyuta ya Nyeri hufanya kazi ikiwa na ubaridi kuliko ya Mombasa, ila tofauti yake haifiki ile anayoitarajia mtu anayetazama kipimajoto peke yake.

Maji hayajali kimo. Lita moja ya maji hubeba joto lilelile Lamu na Naro Moru. Hata hivyo mwisho wa safari yake maji hayo hulikabidhi joto kwa hewa kupitia rejeta, na hewa hiyo ni ileile nyepesi. Anayejenga mtambo wa maji Nanyuki hana budi kuchagua rejeta iliyo kubwa kidogo kuliko ile inayopendekezwa na mtengenezaji aliye pwani ya Taiwan au California. Ama kuhusu kuchemka, hakuna la kuhofia, kwani maji ya nyuzi 40 yako mbali na nyuzi 94.

Diski za kuzunguka ndizo zinazoumizwa na kimo. Ndani ya diski, kichwa kinachosoma huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, kikiwa kimeshikiliwa na mto mwembamba wa hewa. Hewa ikipungua sana, kichwa hushuka na kugonga sahani. Watengenezaji wengi huandika kikomo cha mita 3,048. Miji yote ya Mlima Kenya iko salama chini ya kikomo hicho, lakini mlima wenyewe, wenye kilele cha Batian cha mita 5,199, unakipita mbali.

Na juu huko kuna mitambo inayofanya kazi. Katika mteremko wa kaskazini-magharibi, kwenye mita 3,678, kipo kituo cha Mlima Kenya cha mtandao wa dunia wa kuchunguza angahewa, kilichoanzishwa mwaka 1999 na kusimamiwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa msaada wa wataalamu wa Uswisi. Kituo hicho kimepima ozoni na kaboni monoksidi katika sehemu ya Afrika ambayo awali haikuwa na vipimo vingi vya namna hiyo, na kumbukumbu zake zimewahi kukatika kwa sababu ya matatizo ya umeme.

Huko Chile wahandisi walikabili jambo hilo katika kimo kikubwa zaidi. Kompyuta kubwa ya darubini ya ALMA, iliyokamilika mwaka 2012, iko mita 5,000 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kiasi kwamba ilihitajika kupulizwa maradufu ili kuipoza, na mashine yote ilijengwa bila diski ya kuzunguka. Kwa msomaji wa Nanyuki anayetaka kumpandisha mtafiti mlimani na laputopu, jibu ni rahisi siku hizi: atumie hifadhi ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka.

Maji yakiganda

Maji yanapogeuka barafu huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Ongezeko hilo hupasua mipira, hutanua viungo na kutoboa rejeta. Katika Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu na Meru, chumba chenye kuta na paa hakifiki sifuri, na mwenye mashine anaweza kulala usingizi wake.

Hali hubadilika kadiri mtu anavyopanda. Ng'ambo ya Aberdare, kwenye nyanda za Kinangop, wakulima wa viazi wanaijua sakitu, hasa katika usiku mkavu usio na mawingu. Usiku wa namna hiyo bati la paa hupoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayoligusa. Kwa sababu hiyo rejeta iliyofungwa juu ya paa inaweza kupata barafu hata kama kipimajoto cha barazani kinaonyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri.

Dawa yake ni ileile ya magari: kulanti yenye glaikoli. Mchanganyiko wenye asilimia 30 ya glaikoli ya ethilini huganda kwenye nyuzi 15 hivi chini ya sifuri, na ule wa nusu kwa nusu huvumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Lakini glaikoli hubeba joto pungufu kuliko maji na huifanya pampu ifanye kazi zaidi, kwa hiyo kuimimina bila haja ni hasara. Glaikoli ya ethilini pia ina utamu na ni sumu kali, na watoto na mbwa wamekufa kwa kuiramba. Aliye na watoto nyumbani atumie ya propilini, ambayo sumu yake ni ndogo sana.

Kwa mkazi wa Nyeri mjini, maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na mwani yanatosha. Yawe maji safi yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, wala si asidi ya betri, kwa kuwa chupa za vitu hivyo viwili hufanana dukani. Maji ya bomba, ya mto au ya kisima yana chumvi inayojenga ukoko ndani ya kibati. Na kama kibati ni cha shaba, rejeta isiwe ya alumini, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji, alumini huliwa polepole mpaka itoboke.

Baridi kama rasilimali

Nje ya Afrika, makampuni makubwa yameitumia baridi kama mtaji. Facebook ilifungua kituo chake cha Luleå, kaskazini mwa Uswidi, mwaka 2013, ili seva zake zipozwe na hewa ya nje. Google ilinunua kiwanda cha zamani cha karatasi huko Hamina, Finlandi, na tangu mwaka 2011 seva zake hupozwa kwa maji ya bahari. Katika mji wa Kajaani, pia Finlandi, kompyuta kuu ya LUMI hupozwa kwa maji, na joto lake hutumwa kwenye nyumba za mji, likitosheleza karibu moja ya tano ya mahitaji ya mtandao wa joto wa mji huo.

Kenya nayo imeanza kuvutia macho. Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kituo cha data cha thamani ya dola bilioni 1 huko Olkaria, kilichokusudiwa kutumia umeme wa jotoardhi. Olkaria iko katika kimo kinachokaribiana na cha Nanyuki. Hewa ya nyanda za juu, ambayo kwa mwaka mzima haina joto kali la pwani, ni sehemu ya utajiri wa nchi sawa na mvuke wa ardhini.

Nyeri yenyewe haiko nyuma. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho kwenye barabara ya Nyeri kwenda Mweiga, kilipata hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2012. Katika eneo lake la sayansi na teknolojia ipo kampuni ya Semiconductor Technologies, inayoshughulika na vipande vya elektroniki. Kituo cha chuo hicho cha sayansi ya data na akili unde, kinachoongozwa na Profesa Ciira wa Maina, kimetumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi kurekodi sauti za ndege katika hifadhi ya wanyama ya chuo, na kimeweka vipima kina cha maji kwenye Mto Muringato. Vifaa hivyo hukaa nje, kwenye mvua, ukungu na umande wa mlima. Ujuzi unaopatikana humo wa kuhifadhi elektroniki katika hewa yenye maji ndio ambao shule, saiba na hospitali za eneo hili zinauhitaji, na unafaa kuandikwa kwa lugha ambayo fundi wa mtaani anaisoma.

La kufanya kabla ya Julai ijayo

Mashine inayofanya kazi hujilinda yenyewe kwa joto lake. Palipo na stima ya uhakika, ni afadhali kompyuta inayotumika kila siku iachwe katika hali ya usingizi usiku wa baridi kuliko kuzimwa kabisa, kwa kuwa vuguvugu dogo linalobaki ndani husaidia kupunguza hatari ya umande.

Iliyozimwa usiku kucha isiwashwe mara tu baada ya chai kuchemka. Mlango wa chumba ufunguliwe kwa muda, hewa ibadilishane, na mashine ipewe saa moja au mbili ifikie joto la chumba. Laputopu iliyolala ndani ya gari au kusafirishwa kwenye buti kutoka Nairobi usiku ibaki ndani ya begi lake, zipu ikiwa imefungwa, mpaka ipate joto, ili umande utunge juu ya begi na si juu ya saketi.

Kompyuta isiwekwe chumba kimoja na jiko, wala isiegemezwe kwenye ukuta wa mawe unaotazama nje, kwa sababu ukuta huo ndio baridi kuliko zote. Palipo na mabati bila dari, hata turubai lililotandazwa juu kwa mteremko litayaelekeza matone pembeni. Vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, vinavyokuja na viatu vipya, visitupwe. Vikaushwe, viwekwe ndani ya kasha la mashine inayokaa muda mrefu bila kuwashwa.

Mtambo mpya wa maji ujaribiwe kwanza ukiwa na pampu peke yake, mazabodi ikiwa haina umeme na karatasi nyeupe zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungo, kwa siku nzima. Tone likionekana kwenye karatasi mapema, hakuna kilichoharibika. Maji yabadilishwe kila mwaka, na mapezi ya rejeta yapulizwe vumbi, hasa baada ya miezi ya kiangazi ya Januari na Februari.

Walimu wakuu na wasimamizi wa vyuo vya ufundi wana wajibu mkubwa kuliko mwenye mashine moja. Maabara ya kompyuta hufungwa likizo ya Agosti ikiwa bado imeloa unyevu wa Julai, madirisha yakiwa yamezibwa kwa hofu ya wezi, na kufunguliwa muhula mpya mashine kadhaa zikikataa kuwaka. Tundu za hewa zenye wavu wa chuma huzuia mwizi na kuachia mvuke utoke. Kuziwasha mashine zote mara moja au mbili kwa wiki wakati wa likizo kunagharimu stima kidogo kuliko kununua mazabodi moja.

Na kwa aliye na fedha za kununua kitu kimoja tu kabla ya msimu ujao, kitu hicho kiwe kipima unyevu kidogo cha kutundika ukutani karibu na kompyuta. Kikionyesha zaidi ya asilimia 70 na mashine imelala baridi usiku kucha, fungua dirisha, subiri, kisha uwashe.